Siku Tatu Bila Kunawa Mguu

Mguu wangu wa kulia ninao. Naanza na hilo ili anayesoma akiwa na mgonjwa ndani ajue mapema, asihangaike. Ni mguu mbaya, siukanushi ubaya wake. Una makovu kama gome la mkorosho mzee, kidole cha mwisho kimekaa upande, na mvua ikitaka kunyesha unauma kabla ya wingu kuonekana. Lakini uko chini ya goti langu, pale pale Mungu alipouweka, na siku ya kuuondoa ilikuwa imeshapangwa.

Mimi ni Somoe wa Kitangari, huku juu Newala. Darasa la nne ndilo langu la mwisho. Naandika kwa sababu mwezi uliopita alikuja mama mmoja kutoka Mnyambe, kapakiwa nyuma ya pikipiki, mguu kaufunga kanga. Akaniuliza akiwa bado mlangoni, "Wewe ndiye bibi wa mguu?" Nikamwambia ndiye mimi, ingia. Tulikaa mpaka jua likainama. Alipoondoka nikasema siwezi kumkalia kila mtu kitako kutwa nzima, nina shamba. Bora niandike.

Ulianza wakati wa palizi. Kijiti kilinichoma unyayoni chini ya mkorosho, nikakitoa kwa pini, nikasahau. Mwaka uliofuata, wakati wa kupulizia mikorosho salfa, pale pale pakaota kivimbe kigumu kama korosho ndani ya ganda. Hakiumi. Hiyo ndiyo hila yake. Kingeuma ningekikimbilia. Tukaokota korosho, mvua zikaja, tukapanda, tukavuna, na kivimbe kinaula mguu taratibu kama mtu asiye na haraka. Msimu wa pili wa salfa viatu vyote vilikuwa vimenikataa. Nikawa navaa kandambili ya marehemu mume wangu kulia, yangu kushoto. Halafu vikatoboka vitundu. Kimoja, vitatu, mwisho nikaacha kuvihesabu. Hiki kinafunga, kile kinafunguka, vyote vinatoa majimaji.

Huku kwetu mguu ukivimba jina lake ni moja: matende. Jirani kasema matende, mwanao kasema matende, na wewe ukifika dirishani ukiulizwa unasumbuliwa na nini, unajibu, "Nina matende, mwanangu." Nilijibu hivyo kila nilikokwenda. Nikameza dawa za matende. Nikameza za kidonda. Nikachomwa, nikafungwa bandeji, nikafunguliwa, nikafungwa tena.

Sasa lazima niseme habari ya maji, maana bila hiyo hamtajua kosa langu. Sisi wa juu hatuna maji. Tunakinga ya mvua kwenye visima vya nyumbani. Yakiisha tunangoja bomba, na bomba likigoma tunashuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani. Watu wa chini, wa Masasi, hawana utani mwingine juu yetu. Ukiteremka tu kwenye gari unasikia, "Wa Newala hao, wanaoga Idi kwa Idi!" Nimetaniwa hivyo tangu nikiwa msichana, na nilishaapa kwamba mtu wa Masasi hatauona uchafu kwenye mwili wa Somoe, hata kama nyumbani watalala na kiu.

Basi kila tarehe ya hospitali, huko Masasi, niliamka mapema nikachemsha maji. Nikausugua mguu kwa sabuni, nikauosha kwa chumvi, nikausuuza. Vile vitundu nikavikamua kimoja kimoja mpaka visiwe na kitu. Nikaufuta, nikaupaka mafuta, nikaufunga kanga iliyopigwa pasi. Nikikaa kwenye benchi la hospitali mguu wangu unang'aa kuliko wa muuguzi. Nilikuwa najivuna. Ndiyo, najivuna na uvimbe ukubwa wa kichwa cha mtoto.

Mabenchi yale nayajua. Najua lipi lina msumari, lipi jua linalifikia saa nne. Kuna mwanamke mmoja, simjui jina mpaka leo, alikuwa akiniona anahamisha kapu lake ili niuinue mguu juu ya benchi, na mara moja akanipa ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha, ya moto, kaifunga kwenye gazeti. Niliila nikalia. Sijui kwa nini nililia kwa ming'oko na sikulia kwa daktari.

Maana daktari siku hiyo alikuwa ameishika picha ya mfupa wangu. Alikuwa kijana mpole, simlaumu. Alisema, "Bibi, mfupa umeanza kuliwa. Tumeutibu, hausikii. Tukiuacha, utapanda juu." Akapitisha kidole hewani chini ya goti langu, bila kunigusa. "Rudi baada ya wiki tatu na ndugu wa kutia saini."

Wiki tatu. Mikorosho ilikuwa imetoa maua, shamba zima linanukia.

Mwanangu mkubwa Hashimu, wa nyumba ya pili, alikuwa ameshakubali moyoni kabla hatujafika nyumbani. Alikaa kwenye kigoda, kofia mkononi.

"Mama, kubali. Bora mguu mmoja na wewe upo."

"Wewe una miwili na kisimani hujaonekana tangu umeoa. Mimi nikibaki na mmoja nani atateka maji?"

"Tutakutekea."

"Lini? Ukitoka kijiweni kucheza bao?"

"Mama, mimi sikutanii. Nimeshazika baba. Nimezika dada. Unataka nikuzike kwa ajili ya mguu?"

Akainuka akaenda nyuma ya nyumba, na nilijua anakwenda kulia. Nikakasirika. Nilikasirika kwa sababu alikuwa na haki, na mimi sikutaka mtu mwenye haki nyumbani kwangu siku hiyo. Tukakaa siku kumi hatusemezani. Chakula kutoka kwangu anapelekewa, anakula, sahani anairudisha kwa mkono wa mkewe.

Aliyeingia kati ni Rukia. Rukia ni mtoto wa binti yangu marehemu, nimemlea mimi. Anasoma chuo cha afya Masasi, amepanga chumba Mkomaindo. Kila Ijumaa anapiga simu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mumeo nimemzika na sasa mguu wangu nao wanataka kuuzika. Njoo uchague sanda."

Huwa anacheka. Siku hiyo hakucheka. Aliniuliza maneno yote ya daktari, moja moja, kisha akasema, "Nipe wiki moja nisome."

"Usome nini? Daktari kasoma miaka."

"Daktari ana foleni, bibi. Mimi nina mgonjwa mmoja."

Yaliyotokea huko alinisimulia baadaye, na mengine nimeyaona kwa macho yangu. Chuoni kuna maktaba, na ndani yake kompyuta zinazofungua hazina moja kubwa ambamo madaktari wa dunia nzima wameweka maandiko ya utafiti wao. Rukia akaandika matende, kwa Kiingereza chao. Yakatoka maandiko kama nzige. Mbu, mishipa, dawa za kumeza kijiji kizima. La vitundu hakuna. Akaandika mguu kuvimba. Wakatoka wajawazito, wagonjwa wa moyo, walioumwa na nyoka. Siku mbili anasoma miguu ya watu na wangu haumo.

Siku ya tatu mtunza maktaba, Mama Neema, akasimama nyuma yake. Mama huyu ni Mmakua wa Masasi, sauti yake ni ya kuitia watu shambani.

"Binti, tangu juzi unamwita nani humo?"

"Mguu wa bibi yangu."

"Unauita kwa jina la nyumbani. Humo hauitiki kwa jina la nyumbani."

Akavuta kiti. Akamweleza kwamba kila andiko likiingia kwenye ile hazina, linafungwa kwa majina ya mada yaliyokubaliwa. Majina hayo yako kwenye orodha moja. Mwandishi anaweza kuuita ugonjwa anavyotaka, kwa jina la mji wake au la mjomba wake, lakini andiko lake litawekwa chini ya jina moja lile lile pamoja na ya wenzake. Ukilijua jina hilo umeyapata yote. Usipolijua utazunguka uani mpaka jioni.

Rukia aliponisimulia nililielewa upesi kuliko yeye. Mimi nina jina la kuzaliwa, nina jina nililopewa unyagoni ambalo siliandiki hapa, ni Mama Hashimu, na ni bibi yake Rukia. Njoo Kitangari umuulize kijana Somoe yuko wapi, atakwambia humu hamna mtu huyo. Muulize Mama Hashimu, atakuleta mpaka jikoni. Mtu ni mmoja, mlango ni mmoja. Unatakiwa umpate anayejua majina yote yanaishia mlango gani. Ile orodha ndiyo kazi yake.

"Sasa jina lenyewe nitalijuaje, na mimi silijui?" Rukia aliuliza.

"Tafuta andiko moja tu linalofanana na bibi yako. Moja. Likipatikana, usilisome kwanza. Tazama limefungwa kwa majina gani."

Akalitafuta kutwa. Alikuwa na picha ya mguu wangu kwenye simu, anailinganisha. Saa ya kufunga ilipokaribia akafika kwenye andiko la zamani la mkulima wa nchi ya mbali, na picha iliyomo, anasema, alidhani ni mimi niliyepigwa. Uvimbe ule ule, vitundu vile vile, hata kidole cha mwisho kimekaa upande. Mwandishi alikuwa ameuita mguu ule kwa jina la mji ambao Rukia hakuusikia maishani. Chini ya andiko, kwenye majina yaliyofungiwa, lilikuwepo moja: maisetoma. Akalibonyeza. Milango ikafunguka. Miguu kama yangu, ya watu weusi, wa maji ya kunde, wazee, vijana, wengi wao wakulima wasio na viatu, na kila mwandishi ameuita jina lake, na wote wamekutana hapo.

Mama Neema akamwonyesha mambo mawili zaidi. Chini ya jina kuna matawi: kuna la upasuaji, kuna la tiba kwa dawa. "Usisome yote, utazeeka. Kamata tawi la dawa." La pili, majina yale yamepangwa kama ukoo, kila jina lina mama yake juu. Na jina hili lilikuwa na koo mbili. Ukoo mmoja ni wa fangasi, mgumu, mara nyingi unaishia kwenye kisu. Mwingine ni wa vijidudu vya aina nyingine, na huo husikia dawa. Mimi na madaktari wangu tulikuwa tunabishana juu ya kukata bila kujua mguu ni wa ukoo gani.

Alama za kuutambua zilikuwa tatu: uvimbe usiouma, vitundu, na chembe ndogo zinazotoka kwenye vitundu. Rangi ya chembe inaanza kukwambia ukoo, na maabara inamaliza.

Akapiga simu. "Bibi, kwenye yale majimaji kuna chembe?"

"Hakuna."

"Chembe ndogo, bibi. Kama chenga."

"Nimesema hakuna. Unanifanya sioni?"

Nilidanganya. Wewe unayesoma huenda nawe unadanganya sasa hivi, ndiyo maana nalisema. Chembe nilikuwa naziona mwaka wa pili huo. Lakini hebu fikiri: mwanamke mzee, mjane, anaishi peke yake, na mguu wake unatema mbegu. Wifi yangu mmoja alishasema nimekanyaga dawa niliyotegewa. Hilo ni dogo. Kubwa ni siku watakaposema mwenye dawa, mchawi, ni mimi mwenyewe. Huku kwetu mzee akianza kusemwa hivyo, hasemwi mara moja. Ndiyo maana niliosha. Utani wa Masasi ulikuwa kweli, lakini chini ya utani ilikuwepo hofu, na hofu ilikuwa inatumia sabuni ile ile.

Rukia hakubishana. Jumamosi akapanda Kitangari, akafika na begi lake, akanikuta nimemaliza kuosha mguu. Maji ya kuoshea sisi hatuyamwagi hovyo, yanakwenda kwenye mpapai. Nilikuwa nimeshainua beseni.

"Weka chini, bibi."

"Mpapai una kiu."

"Weka chini, mke mwenzangu. Leo nakuomba kama mke mwenzio."

Akayamwaga yale maji polepole, akabakiza ya chini kabisa kwenye bakuli jeupe la uji. Akasogea nalo juani. Tukainama wote wawili. Chembe zilikuwepo, nyeupe za kuelekea njano, zimetulia chini kama chenga za mahindi.

Kisha akaniuliza, "Kila ukienda hospitali unaziosha?"

"Kila nikienda."

"Hakuna daktari hata mmoja aliyewahi kuziona?"

"Nikaonekane mchafu mbele ya watu wa Masasi?"

Alikaa chini, akacheka mpaka machozi, na machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. Hashimu alikuwa amesimama mlangoni, kaja kwa sauti zetu. Akatazama bakuli. Akasema neno lake la kwanza kwangu baada ya siku kumi: "Mama, kumbe hata mimi ulinificha."

Nikamwambia ndiyo.

Agizo la Rukia lilikuwa fupi: tarehe ya hospitali ilipobaki siku tatu, nisinawe mguu. Niufunge kitambaa kikavu, basi. Mimi! Siku ya kwanza nilijificha ndani. Siku ya pili nzi walinijua. Siku ya tatu nilishuka Masasi na mguu unaonuka kama panya aliyefia darini, na kanga sikuipiga pasi.

Kwenye benchi watu walisogea. Mmoja akasogea, wa pili akaziba pua kwa mtandio. Kijana mmoja akasema kwa mwenzie, si kwa kunong'ona, "Huyu wa Newala, maji ya Idi hayajafika."

Moyo uliniambia inuka, ondoka, bomba liko pale nje. Hashimu alikuwa pembeni yangu na karatasi ya kutia saini imekunjwa mfukoni. Nikajikaza, nikamgeukia yule kijana.

"Wee baba, tazama vizuri. Nimekaa siku tatu nausubirisha uvundo huu aje auone daktari, si wewe. Ukitaka kuziba pua, ziba na mdomo."

Benchi zima likacheka. Na yeye akacheka, akaniambia, "Samehe, bibi, shikamoo." Nikamwachia akae na shikamoo yake kidogo, kisha nikaitika.

Daktari alikuwa yule yule mpole. Rukia akampa karatasi mbili alizozichapisha, kwa mikono miwili, akasema, "Daktari, si kwamba najua kuliko wewe. Naomba utazame tu." Alisoma amesimama. Akafungua kitambaa. Akatazama muda mrefu, akachukua kitu cha chuma akainua chembe moja akaileta kwenye mwanga.

"Bibi, miaka yote hii zilikuwa wapi?"

"Kwenye mpapai."

Karatasi ya Hashimu haikutiwa saini siku hiyo. Walichukua kipande cha nyama na zile chembe, vikapelekwa mbali. Majibu yalikuja mabibo yameanza kuanguka: mguu ni wa ule ukoo unaosikia dawa.

Usidhani hapo ndipo mteremko. Nilichomwa sindano mizunguko na mizunguko, napumzika, naanza tena. Vidonge vilinifanya chakula kinuke chuma. Masikio yaliimba kama nyuki, wakawa wananipima, wakapunguza. Nilikonda mpaka pete ikadondokea kwenye unga. Mvua za kwanza zilinikuta wodini, za pili zilinikuta nyumbani, natembelea gongo alilonichongea Hashimu. Alilichonga kimya, akaliegemeza mlangoni, akaondoka. Na asubuhi iliyofuata nikasikia ndoo kisimani. Nikachungulia: Hashimu, na kofia yake, anateka maji, wanawake wanamcheka. Nikarudi kulala nimefurahi.

Vitundu vilijifunga kimoja kimoja. Cha mwisho kilifunga tukipuliza salfa tena.

Nilipopona nilimwomba Rukia anipeleke kwa Mama Neema. Nilimpelekea korosho za kukaanga. Akanipokea mlangoni, "Mmakonde! Leo umeoga?" Nikamwambia, "Nimeoga na maji ya kukuogesha na wewe nimeacha nyumbani." Akanikalisha kwenye kompyuta, akanionyesha lile jina, na pembeni yake majina mengine yote ambayo watu wa huko na huko wakiyaandika wanaletwa hapo.

"Letu liko wapi?" nikauliza. "Mtu wa Newala akiandika mguu uliorogwa, analetwa hapa?"

"Haletwi, mama. Na matende yana jina lake, yanakwenda kwake."

"Basi ongeza."

"Siwezi. Orodha hii inatunzwa mbali, ina wenyewe."

Nikakaa nikaitazama ile orodha. Miguu yetu tunayo, vijiti vyetu tunavyo, na majina yetu hayamo. Sikupenda. Mpaka leo sipendi. Lakini mimi nina daftari, na daftari langu nalitunza mwenyewe. Ndiyo maana nimeandika, na namalizia kwa kufanya walichoshindwa wao.

Mguu uliorogwa: njoo hapa. Mguu uliokanyaga dawa: njoo hapa. Matende yasiyosikia dawa za matende: njoo hapa. Kivimbe kisichouma cha mkulima: njoo hapa. Mguu unaotema mbegu, ambao mwenyewe hajamwambia mtu: wewe hasa, njoo. Nyumba ni ya tatu kutoka kwenye tangi, ina mpapai mlangoni, uliza Mama Hashimu. Maji ya kunywa yapo. Ya kunawa mguu sikupi mpaka daktari ameuona.